Kwa nini pembetatu zako hazijathibitika kulingana

Mdogo wangu wa Kidato cha Pili hapo Dodoma, umetumia AB = AD, AC ya pamoja, na pembe ACB = pembe ACD, ukahitimisha kwamba pembetatu ABC na ADC zinalingana, yaani zina umbo na ukubwa uleule. Mwalimu kakukata kwa haki. Kanuni ya upande-pembe-upande inataka pande mbili na pembe iliyo katikati yake. AB na AC zinakutana A, lakini pembe yako iko C.

Usiniamini kwa maneno, chukua bikari. Chora AC sm 8, na kutoka C mstari mrefu unaofanya pembe ya nyuzi 30 na AC. Weka ncha ya bikari A, ipanue sm 5, zungusha. Tao litaukata mstari mara mbili, karibu sm 3.9 na sm 9.9 kutoka C. Vipimo vilevile, pembetatu mbili tofauti! Ukiipanua sm 4 tu, tao linagusa mara moja, na hapo linapogusa pembe ni mraba (nyuzi 90). Na pembe uliyopewa yenyewe ikiwa mraba, pande mbili na pembe hiyo zinatosha, hata kama pembe haiko katikati.

Sasa rudi kwenye swali. Kama limetoa CB = CD, tumia kanuni ya pande tatu: kila upande sawa na mwenzake. Kama AC inagawa pembe A sawasawa, upande-pembe-upande inasimama. Kila mstari wa uthibitisho uandikie sababu: "imetolewa", "upande wa pamoja". Pembe tatu sawa zinaonyesha kufanana tu (umbo moja, ukubwa unaweza kutofautiana), si kulingana. Halafu herufi zifuate mpangilio wa pembe zinazolandana, A kwa A, B kwa D, C kwa C: ABC na ADC, kamwe si ABC na DAC.