Kuhusu gitaa uliyoniuliza

Mwanangu,

Habari ya Nakuru na hiyo baridi yenu? Huku Kisumu tuko salama, joto tu. Nimesoma meseji yako ya jana mara mbili, ati umeseviwa elfu thelathini na chama na hujui kama uchukue gitaa ya umeme ya bei ya chini kabisa ndio pesa ibaki ya pedali nne, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti, ama uweke yote kwa gitaa. Weka kwa gitaa, na ubakishe kidogo ya fundi.

Gitaa isiyoshika tyuni haiokolewi na pedali, ukiiwekea distoshoni, ile sauti ya kunguruma ya roki, ndio kosa linasikika hadi kwa jirani. Na usidharau majina ya bei nafuu, Squier ni ya Fender wenyewe, Epiphone ni ya Gibson, na Yamaha Pacifica nimepiga kanisani miaka na haijaniangusha. Hata mtumba ni sawa, bora usitume pesa kabla hujaishika. Pitisha kidole pembeni mwa shingo, vyuma vya freti vikikukwaruza mwambie muuzaji ashushe bei. Halafu chukua tyuna ya simu, piga kila uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze freti ya 12, noti inafaa kuwa ile ile, ila ya juu. Ikipotea kidogo fundi atasogeza briji, pale nyuzi zinaposhikiliwa kwa mwili wa gitaa, ikipotea sana wachana nayo. Ukizungusha kitufe cha volyum sauti ikwaruze, mara nyingi hiyo ni vumbi tu.

Pedali anza na moja. Unasema unataka benga, sasa benga inataka sauti safi, solo yake ilifuata mapigo ya nyatiti, ile ala ya Kijaluo ya nyuzi 8, kila noti isikike peke yake, kwa hivyo dilei ndogo, pedali ya mwangwi, inakutosha kabisa. Ukitaka roki baadaye kuna pedali ya distoshoni ya Boss DS-1, iko sokoni tangu 1978 na bado si ya bei ya kutisha.

Lakini sikia hii ya adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9, na negativu iwe katikati ya kile kichomeko, angalia kamchoro kadogo kwa adapta. Mimi nilikuwa na haraka Jumapili moja nikachomeka adapta ya kinanda, volti 12, positivu katikati. Taa iliwaka mara moja tu, ikatoa harufu ya plastiki, ikanyamaza, na pedali ilikuwa ya kuazima, niliilipa miezi mitatu. Ukitumia betri chomoa waya ya gitaa ukimaliza, ikibaki ndani betri inaendelea kuisha hata kama hujakanyaga kitu.

Ampi, ile spika ya gitaa, usinunue, yangu ndogo nitakutumia kwa matatu ya Ijumaa. Siku ya kuangalia gitaa nipigie video kabla hujalipa, na uelekeze simu kwa shingo, nataka kuiona kutoka upande wa kichwa kama imepinda.

Mamako