Kitatange wangu anakonda, nimpe dawa ya minyoo leo leo?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi niko Njiro, Arusha, nimeletewa kitatange wawili, wale samaki wa mapambo wa baharini, toka Tanga kwa basi la usiku, wamefika jana. Mmoja anajikwaruza kwenye bomba la filta, tumbo limeingia ndani na anatoa choo cheupe kirefu kama uzi. Kwa sasa nimewaweka kwenye tangi dogo. Jamaa mmoja kaniambia niwahamishie tangi kubwa lenye matumbawe nimwage dawa ya minyoo humohumo yaishe. Ni sawa kweli? — Mama wa Njiro

JIBU: Mama, dawa usiweke leo, na kwenye tangi kubwa usiweke kabisa, maana kuna dawa za minyoo zinazoua konokono na viumbe wengine wa kwenye mawe, hapo umetibu samaki umeharibu tangi. Samaki aliyelala kwenye mfuko wa basi yuko hoi, na dawa hizi huwa zinakata hamu ya kula, sasa kitatange ambaye hata hajaanza kula ukimkatia hamu ndo basi tena. Kwanza ale. Mpe chaza mbichi umefungua gamba nusu umlaze chini, wengi wanaokataa chakula kingine huanzia hapo, au kamba wa kusaga, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.

Tangi dogo ndo karantini yenyewe, lita 60 hivi linatosha kwa wadogo, bila mchanga, vipande vya bomba vya kujifichia, filta ya sponji iliyokaa wiki kadhaa kwenye tangi kubwa ili amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) isipande. Hita iwe nyuzi 25 au 26, Arusha mwezi wa saba unaijua mwenyewe. Hewa usibane, huku tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na maji yanashika oksijeni pungufu kuliko Tanga, kwa hiyo pampu iwepo na ya betri pembeni umeme ukikatika.

Huo uzi mweupe peke yake hauthibitishi minyoo, samaki mwenye njaa naye anautoa. Kujikwaruza ndo kunanitia wasiwasi, inaweza kuwa minyoo bapa wa kwenye ngozi na matamvua. Akishapata nguvu mjaribu hivi: ndoo nyeusi, maji baridi yasiyo na chumvi (baridi namaanisha ya mtoni, siyo ya friji bana!), joto na pH (kipimo cha tindikali ya maji) sawa na ya tangi, pampu ya hewa ndani, muweke dakika 5 umekaa hapohapo unamwangalia, akilala ubavu na kushindwa kujiinua mtoe. Minyoo wakiwepo wanageuka weupe wanadondoka, kwenye ndoo nyeusi utawaona.

Ukiwaona, dawa ni prazikwanteli, hiyohiyo ya kichocho. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita, yaani lita 60 ni miligramu 150, robo ya kidonge cha 600. Saga laini, tikisa kwenye chupa na maji ya tangi, haiyeyuki vizuri kwa hiyo usishangae unga ukibaki, na kama filta ina mkaa utoe kwanza maana unanyonya dawa. Hapa ndo watu wengi wanaharibu: dawa haiui mayai. Baada ya wiki hivi badilisha maji kiasi, rudia dozi ileile hata kama samaki anaonekana safi, la sivyo mayai yakianguliwa unaanza upya.

Prazikwanteli haigusi minyoo ya mviringo ya tumboni. Akila vizuri na bado anakonda, nenda kwa daktari wa mifugo muongee habari ya fenbendazo ya kuchanganya kwenye chakula, siyo kumwaga majini.

Wakae humo wiki 4 mpaka 6, na huyo wa pili unayemuona mzima naye anakunywa dawa hiyohiyo, wameshatumia maji mamoja.