Kuandika Safari kwa Msomaji Ambaye Hajafika

Makala nyingi za safari ninazozisoma kwa Kiswahili zinakosa kitu kimoja, nacho ni mahali penyewe. Msomaji anaambiwa kwamba fukwe zinavutia, wenyeji ni wakarimu na mandhari inapendeza, na akimaliza kusoma hawezi kutofautisha Kilwa na Lamu, kwa sababu sentensi hizo hizo zingefaa kote. Nimekuwa nikiandika habari za safari kwa miaka kadhaa, hasa za pwani ya kusini mwa Tanzania, na jambo lililonisaidia kuliko yote ni kujiuliza, kabla ya kukubali sentensi yoyote, kama ningeweza kuiandika bila kutoka nyumbani. Jibu likiwa ndiyo, naifuta.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani sana. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipopita katika pwani yetu mwaka 1331, alisimulia kwamba watu wa Mombasa walikula ndizi na samaki, kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao, na kwamba penye mlango wa msikiti palikuwa na kisima, ambapo watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini, wakaosha miguu ndipo wakaingia. Kilwa nayo aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote, lakini sifa hiyo haituonyeshi Kilwa kama kile kisima kinavyotuonyesha Mombasa. Takriban miaka 700 imepita na bado tunamwona mtu akijimwagia maji miguuni.

Kwa hiyo ukifika Kilwa Kisiwani, usiharakishe kuandika kwamba Msikiti Mkuu ni wa kale na wa kupendeza. Sogea karibu na ukuta. Utaona kwamba yale mawe ni matumbawe, na mengine bado yana vijitundu vya ule uhai wa baharini, yakiwa yameshikanishwa kwa chokaa ambayo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ukilieleza hilo, msomaji ataelewa kwamba mji mzima ulitolewa baharini, na hutahitaji kumwambia kwamba unastaajabisha.

Mambo ya namna hiyo hayakai kichwani. Beba daftari dogo na uandike pale pale, ukiwa umesimama: rangi ya maji wakati wa kuvuka, harufu ya samaki wanaoanikwa, maneno ya mtu kama alivyoyasema. Picha za simu zinasaidia kwa vibao na maandishi, lakini hazishiki harufu wala muda uliousubiri usafiri. Jioni, kabla ya kulala, nayasoma niliyoyaandika na kujaza mapengo, maana kesho yake mambo huanza kuchanganyika.

Kuhusu kuzungumza na wenyeji nina maoni makali kidogo. Mwandishi anayeanza na swali kabla ya salamu amekwisha kujifungia mlango. Pwani, mzee anaamkiwa, anajuliwa hali, kisha ndipo unamweleza kwamba wewe ni mwandishi na unaomba ruhusa ya kuandika atakayoyasema. Halafu muulize kuhusu kazi yake. Nahodha mmoja wa mashua pale Kilwa Masoko, mji wa bara unaokabiliana na kisiwa, alinijibu kwa maneno machache nilipomuuliza habari za magofu, lakini nilipomuuliza kuhusu bahari alizungumza njia nzima: maji ya bamvua yanavyopwa hata chombo kikashindwa kusogea ufukweni, kaskazi, upepo utokao kaskazini, inavyoanza kuvuma, na kusi, upepo utokao kusini, inavyogeuza safari zote. Kutokana na mazungumzo hayo nilielewa vizuri zaidi jambo nililokuwa nimelisoma tu, kwamba Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo, kwa sababu ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo jahazi kutoka Uarabuni liliweza kuja nayo kwa kaskazi na kurudi kwa kusi ndani ya msimu mmoja.

Hata hivyo, si kila usemi wa kuaminiwa moja kwa moja. Utaambiwa kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Simulizi hiyo ni tamu na ina mahali pake, ila iandike kama simulizi. Vivyo hivyo, wengi huandika kwamba Gereza, jengo la kale lililoko kisiwani, ni ngome ya Wareno. Ni kweli Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya enzi za Waomani, na msomaji anastahili kuambiwa hivyo.

Mambo ya njiani nayo yasidharauliwe. Mweleze msomaji kwamba anayetoka Dar es Salaam huiacha barabara kuu pale Nangurukuru, kwamba kibali cha kwenda kisiwani hutafutwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na kwamba daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ndilo lililoondoa kero ya kusubiri kivuko mtoni Rufiji. Nauli itaje pamoja na mwezi na mwaka ulioilipa. Na kama hoteli imekulaza bure, sema hivyo mapema katika makala, si mwishoni.

Ukimaliza kuandika, isome kwa sauti, kisha uangalie aya ya kwanza. Mara nyingi inahusu kuamka alfajiri na kufunga begi, na inaweza kuondolewa yote bila hasara.

Kazi haiishii siku ya kuchapisha. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014. Makala ambayo haikupitiwa tena itaendelea kumpa msomaji habari iliyopitwa na wakati. Mimi huandika juu ya kila makala tarehe niliyoipitia mara ya mwisho, na msomaji akiniarifu kwamba nauli imepanda au utaratibu wa kibali umebadilika, nahakikisha kwa mtu aliyeko huko, kisha narekebisha.