Maswali ya Wasomaji: Zamu ya Drafti Iuzwe Lini, na kwa Nani?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wachezaji wa fantasi ya mpira wa Marekani, mchezo ambao kila mtu huunda timu yake ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyofanya uwanjani, na zote zinahusu ligi ya kudumu, ile ambayo wachezaji uliowachagua unabaki nao mwaka baada ya mwaka, na chipukizi huongezwa kupitia drafti fupi, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya kwa zamu, inayofanyika baada ya klabu za NFL, ligi kuu ya mpira huo, kumaliza drafti yao ya mwezi wa Aprili. Katika ligi hizo zamu ya kuchagua chipukizi ni mali kamili: huuzwa na kununuliwa, hata ikiwa ni ya mwaka ambao haujafika.

Swali: Assalaam aleikum, Bwana Mwandishi. Ligi yetu hapa Kisauni ina timu 12. Mimi ni wa tisa kwenye jedwali, na nina mkimbiaji (mchezaji wa kubeba mpira na kukimbia nao) wa miaka 27 ambaye ndiye anayeniletea pointi nyingi kuliko wote. Jamaa anayeongoza ligi anamtaka, naye atanipa zamu yake ya raundi ya kwanza ya mwaka ujao. Wenzangu wa maskani wanasema nikikubali nitakuwa nimejimaliza. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Muuze, lakini si kwa bei hiyo.

Mkimbiaji ndiye anayepata vipigo vingi kuliko karibu kila mtu uwanjani, na wengi wao huanza kushuka wakishafika miaka 26 au 27, ilhali mpokeaji mzuri, yule anayedaka mipira inayorushwa, anaweza kuendelea kutamba hadi anapokaribia miaka 30 na hata kuipita. Wewe uko nafasi ya tisa. Ubingwa wa mwaka huu hauko mikononi mwako, kwa hiyo pointi za kijana huyo zitakufikisha wa nane, pengine wa saba, na hapo utakuwa umepata hasara mara mbili, kwani yeye atakuwa ameongeza mwaka mmoja wa umri, na zamu yako mwenyewe ya drafti itakuwa imerudi nyuma kwenye foleni. Wenzako wa maskani wanatazama pointi za wiki hii tu.

Sasa tuitazame bei. Katika ligi nyingi mpangilio wa drafti hufuata jedwali kinyumenyume, anayeshika mkia akitangulia na bingwa akichagua mwisho. Anayekupa zamu hiyo ndiye anayeongoza, na akimpata mkimbiaji wako ataongoza zaidi, kwa hiyo unachouziwa si “raundi ya kwanza” kwa jumla bali ni nafasi ya 11 au ya 12, na kati ya hiyo na nafasi ya tatu kuna umbali mkubwa sana. Mwambie kwamba ungependa zamu ya raundi ya kwanza ya timu dhaifu, ambayo yeye anaweza kuitafuta kwa mwenye timu hiyo kwa kutoa mchezaji wake wa akiba. Likishindikana hilo, pokea zamu yake pamoja na mpokeaji mchanga aliyeko benchi. Anayeongoza ligi mara nyingi ana vijana wawili watatu ambao hapati nafasi ya kuwachezesha, na kwake hawana kazi kubwa, ilhali kwako wao ndio kikosi cha kesho.

Wala usiwe na haraka. Msimu huanza Septemba, na ifikapo Oktoba majeruhi huwa wengi; mwenye ndoto ya ubingwa akishapoteza mkimbiaji mmoja hutazama zamu za mwaka ujao kama kitu cha mbali. Hapo ndipo anayejenga timu anapopaswa kubisha hodi, mradi tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika ligi yenu haijapita.

Na usidhani kwamba ili upate ni lazima mwenzako apunjike. Machi 2020 klabu ya Minnesota ilimpeleka mpokeaji Stefon Diggs kwa klabu ya Buffalo, ikapewa zamu kadhaa za drafti, mojawapo ikiwa ya 22 katika raundi ya kwanza. Mwaka huohuo Diggs aliongoza NFL nzima kwa mipira aliyodaka na kwa yadi za kupokea. Minnesota nayo ilitumia zamu ile ya 22 kumchagua Justin Jefferson, aliyefikisha yadi 1,400 katika msimu wake wa kwanza. Buffalo ilihitaji mtu wa kucheza siku ileile, na kila upande ukapata ulichokuwa unakitafuta. Mapatano ya namna hiyo ndiyo yanayofaa ligi ya kudumu, kwa sababu mtu unayempunja leo utakutana naye tena mwakani, na mwaka unaofuata, na hatakupokelea simu.

Swali: Bwana Mwandishi, mimi niko Changamwe, na katika drafti ijayo ya chipukizi nina zamu ya kwanza kabisa. Ujumbe wa kuitaka unaingia kila siku. Niiuze sasa, nisubiri, au nichague mwenyewe?

Jibu: Subiri kwanza. Zamu haivunjiki goti, haizeeki, na katika programu nyingi za kuendeshea ligi hizi haichukui nafasi ya mtu kikosini. Kadiri Aprili inavyokaribia ndivyo inavyopanda thamani, kwa sababu kabla jina halijatajwa kila mmoja humwona ndani yake mchezaji anayemtamani yeye. Jina likishatajwa, anabaki kijana mmoja mwenye timu yake na mapungufu yake.

Drafti ya 2020 inafaa kuwekwa mezani hapa. Kansas City, waliokuwa mabingwa, walimchagua mkimbiaji Clyde Edwards-Helaire kwa zamu ya 32, na wachezaji wengi wa fantasi wakamkimbilia kuwa chaguo lao la kwanza kabisa kwa kuwa ameingia kwenye timu yenye mashambulizi makali. Jefferson, CeeDee Lamb na mkimbiaji Jonathan Taylor walikuwa katika drafti hiyohiyo, na Jefferson mara nyingi alipatikana nafasi kadhaa nyuma yake. Aliyeuza zamu ya kwanza mwaka ule, akashuka nafasi chache na kuongezewa kitu juu yake, alipata fursa ya kuwa na mchezaji bora kuliko aliyenunua.

Kwa hiyo mimi ningeshuka, isipokuwa katika hali mbili. Ya kwanza ni pale panapokuwa na chipukizi mmoja aliyewapita wenzake kwa mbali. Ya pili ni pale ligi yenu inaporuhusu kumchezesha kwotabeki (mrushaji mipira wa timu) wa pili, maana hapo kwotabeki mzuri ni adimu, na anayempata hukaa naye miaka mingi.

Tahadhari moja kwetu wa Mombasa: raundi ya kwanza ya drafti ya NFL huanza Alhamisi jioni huko kwao, na hapa ni saa tisa ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Usilale ukiwa umeacha ombi wazi ambalo mwenzako anaweza kulikubali baada ya habari kubadilika. Lifute, kisha ulitume upya asubuhi ukishajua nani ameenda wapi.

Swali: Kaka Mwandishi, mwenzetu mmoja hapa Likoni ameuza zamu zake zote za miaka miwili ijayo, na sasa tunasikia anataka kujitoa. Tumzuieje?

Jibu: Dada yangu, hilo ndilo linaloua ligi nyingi, kwani atakayerithi timu ile atakuta hana zamu hata moja, na hakuna mgeni atakayekubali kuichukua. Dawa inayotumika ni kanuni moja: anayeuza zamu ya mwaka ujao alipe papo hapo ada ya ligi ya mwaka huo, na anayeuza ya miaka miwili alipe ya miwili, kwa mweka hazina, kabla mapatano hayajaidhinishwa. Pigeni kura juu yake kabla ya msimu, na isimbane aliyeuza kabla haijapitishwa. Huyo mwenzenu mwombeni alipe kwa hiari yake, na akikataa, anzeni mapema kumtafutia mrithi mtakayempunguzia ada ya mwaka wa kwanza.