Kabla ya kusema ni uzee, angalia mdomo

Dada, umesema bibi huko makao ya wazee anasusa chakula, anataka uji tu, na mlezi anadai ni uzee. Mimi ningeanza na mdomo. Mwombe avue meno ya bandia, umulike kwa tochi ya simu: ufizi mwekundu? utando mweupe? michubuko kwenye pembe za midomo? Wengi hulala na meno hayo, na fangasi hustawi chini yake. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida (dawa ya meno huyakwaruza), yalazwe kwenye maji safi. Uliza pia dawa anazomeza; baadhi za presha hukausha mate, na kwa mdomo mkavu ugali haushuki hata uwe na mlenda.

Wataalamu wana dodoso la afya ya kinywa ya wazee liitwalo GOHAI, la Marekani, 1990, maswali 12, mojawapo kuhusu kuona haya kula mbele za watu. Hilo wazee wetu hawalisemi, wanajitenga tu.

Kidonda kikipita wiki mbili, mpeleke kwa daktari wa meno. Kwa ninyi wa Mbagala, Hospitali ya Temeke ni karibu kuliko ya Muhimbili.