Miguu Inapochelewa Kukifikia Kinyoya

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Moshi na hucheza mpira wa vinyoya (badminton) jioni nikitoka kazini. Pumzi ninayo, hata mlima wa kwenda Kibosho naupanda kwa miguu bila kutweta, lakini kinyoya kikirushwa kwenye kona ya nyuma kushoto nakikuta kimeshashuka chini ya kiuno. Tukienda kucheza Arusha hali huwa mbaya zaidi. Je, niongeze mazoezi ya mbio?

JIBU: Marahaba. Mbio hazitakusaidia sana. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, nusu yako ya uwanja ina urefu wa mita 6.70 na upana wa mita 5.18, kwa hiyo kutoka katikati hadi kona yoyote ni hatua chache tu, na mwenye kasi hana mahali pa kuionyesha. Kwa maelezo yako, nadhani unachelewa kuanza.

Mtazame mchezaji mzoefu pale mpinzani wake anapotaka kupiga. Hufanya kiruko kidogo, ambacho mtazamaji wa pembeni anaweza asikione, kisha hutua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, miguu ikiwa imetanuka kupita mabega kidogo na magoti yakiwa yamekunjwa. Anatakiwa kutua karibu na wakati ule ule raketi ya mpinzani inapogusa kinyoya, ili nguvu ya kutua igeuke kuwa msukumo wa kwenda anakotaka. Ukiruka mapema, utakuwa umeshatulia juu ya visigino. Ukichelewa, kinyoya kitaondoka wewe ukiwa bado hewani. Wengi wetu hukosa kiruko hicho kwa sababu tumesimama tukilistaajabia pigo letu wenyewe.

Sasa kona yako ya nyuma kushoto, nikichukulia kwamba unatumia mkono wa kulia. Usirudi kinyumenyume kifua kikiwa kimeelekea wavuni. Geuza nyonga, mguu wa kulia uende nyuma kuelekea kona hiyo, buruta hatua moja ya pembeni, kisha ruka kwa mguu huo huo wa kulia na upige kinyoya kikiwa juu ya kichwa. Ukiwa hewani miguu hubadilishana: wa kushoto hutua nyuma, nao ndio unaokusukuma kurudi katikati. Atakayetua kwa miguu yote miwili sambamba hulazimika kuanza safari upya, na dropu ya mpinzani, yaani pigo laini linaloangusha kinyoya karibu na wavu, itamkuta huko huko nyuma.

Jizoeze bila kinyoya. Mwenzako asimame ng'ambo ya wavu akuonyeshe kona kwa kidole, nawe uende na kurudi kwa sekunde 30, kisha upumzike muda kama huo. Hatua zikianza kuvurugika, acha, maana mwili hujifunza na makosa pia.

Kuhusu Arusha, hujaota. Mji huo uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi haifiki 1,000, na katika hewa nyepesi kinyoya huenda kwa kasi zaidi. Kabla ya mchezo kipimeni: kipigwe kwa pigo kamili la chini kutoka kwenye mstari wa nyuma, nacho kianguke kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipitiliza, tafuteni vinyoya vya manyoya vyenye namba ndogo zaidi ya kasi, yaani vinavyokwenda polepole zaidi.

SWALI: Mwanangu anaanza mchezo huu hapa Arusha. Je, raba zake za kukimbilia zinafaa?

JIBU: Hazifai, mama. Kisigino cha raba hizo ni kinene na kimeinuka, na mtoto akikata kona ghafla kifundo cha mguu hupinduka kwa urahisi. Mtafutie viatu vya michezo ya ndani vyenye soli ya chini ya mpira unaonata, na kabla hajaingia uwanjani vumbi lifagiliwe, kwa sababu juu ya saruji yenye vumbi hata soli nzuri huteleza.