"Makamu wa Rais wa kwanza" au "Makamu wa kwanza wa Rais"?

SWALI: Wanafunzi wangu hapa Kisumu wanatayarisha chati ya viongozi wa Kenya wa miaka ya mwanzo ya uhuru. Chini ya picha ya Jaramogi Oginga Odinga, mmoja ameandika "Makamu wa Rais wa kwanza, 1963", mwingine "Makamu wa kwanza wa Rais, 1963". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, kisarufi wote wako sawa. Shida iko kwenye maana.

"Makamu" na "rais" ni nomino za watu, na a-unganifu yake katika umoja ni "wa". Kwa hiyo katika "Makamu wa Rais wa kwanza", msomaji hajui aliye wa kwanza ni makamu au ni rais. Akishika maana ya pili, anapata makamu wa Jomo Kenyatta, naye Kenyatta alikuwa nao watatu: Jaramogi hadi alipojiuzulu Aprili 1966, Joseph Murumbi mwaka huohuo, kisha Daniel arap Moi kuanzia Januari 1967. Hata Moi basi ni "makamu wa Rais wa kwanza", na huwezi kumsahihisha anayesema hivyo!

Nomino ya pili ikiwa ya ngeli nyingine, utata huisha wenyewe. "Waziri wa Fedha wa kwanza" ni James Gichuru tu, maana fedha haiwezi kuchukua "wa". Vivyo hivyo, "Spika wa Bunge la kwanza" na "Spika wa Bunge wa kwanza" ni mambo mawili tofauti, na kila msomaji atayatofautisha.

"Makamu wa kwanza wa Rais" ni afadhali, lakini andika "kwanza" kwa herufi ndogo. Kwa herufi kubwa huwa cheo: Tanzania mwaka 1964 Abeid Karume alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais huku Rashidi Kawawa akiwa Makamu wa Pili, wote kwa wakati mmoja. Kenya haikuwa na mpangilio huo.

Mwaka wenyewe lazima urekebishwe. Mwaka 1963 Kenya haikuwa na Rais. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu tangu 1 Juni, na hata baada ya uhuru wa 12 Desemba mkuu wa nchi alibaki Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald. Jaramogi wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Urais na umakamu vilianza 12 Desemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri. Wazuie pia wanafunzi wasimwite "Naibu wa Rais". Cheo hicho kimeletwa na Katiba ya 2010.

Nafasi ikitosha kwenye chati, mimi ningeandika: "Jaramogi Oginga Odinga, mtu wa kwanza kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, 1964–1966."